Ngozi, tundu na uzi: uchague kipi unapoanza kushona ngozi kwa mkono

Wengi wanaoanza kazi ya ngozi kama burudani hununua kwanza seti ya zana thelathini kwenye kiboksi, kisha ndipo wanatafuta ngozi. Mpangilio huo uko kinyume. Kitu unachotaka kutengeneza ndicho kinachoamua aina ya ngozi na unene wake, unene unaamua namna ya kutoboa, na tundu linaamua uzi na sindano. Ukiufuata mnyororo huo, zana ishirini na tano kati ya zile thelathini hutazihitaji mwaka wa kwanza, na tano zilizobaki utazitaka za ubora kuliko zilizomo kwenye kiboksi.

Ngozi ya magome na ngozi ya kromu

Hapa ndipo chaguo kubwa lilipo. Ngozi ya magome hulainishwa na kuhifadhiwa kwa tanini, dawa inayotoka kwenye magome na mbao za miti kama mwati na mwaloni. Kazi hiyo huchukua majuma, wakati mwingine miezi. Ngozi ya kromu hutiwa chumvi za kromu na huweza kuwa tayari kwa siku moja au chache. Ukizishika utazitofautisha: ya magome ni ngumu kiasi, ina harufu ya mti, na ukiikunja hubaki na kumbukumbu ya mkunjo. Ya kromu ni laini, inavutika, na ukiiachia hurudi ilivyokuwa.

Kama muuzaji hajui anauza ipi, jaribu kwa tone la maji upande wa uso. Ngozi ya magome isiyopakwa rangi nzito hunywa maji na rangi yake hukolea palepale. Ya kromu huliacha tone limekaa juu kama kwenye jani la myugwa. Angalia pia ukingo uliokatwa: ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu yenye usamawati katikati, isipokuwa imepakwa rangi hadi ndani. Kipimo cha uhakika zaidi ni kudumbukiza ukanda mwembamba kwenye maji yanayochemka. Wa magome hujikunja na kukakamaa upesi, wa kromu hubaki karibu vilevile. Wapo wanaopendekeza kuichoma waangalie jivu. Usifanye hivyo, moshi wa ngozi ya kromu si wa kuvuta.

Sasa tofauti hizo zina maana gani kwenye meza ya kazi?

Ngozi ya magome inakubali umbo. Wahenga waliposema ngozi ivute ili maji, hii ndiyo ngozi waliyokuwa nayo mkononi. Ukitaka ala ya kisu inayokumbatia kisu chake, loweka ngozi kwenye maji ya vuguvugu hadi viputo viishe, funga kisu kwa nailoni kisipate kutu, bonyeza ngozi kwa vidole na kipande cha mbao laini, kisha iache ikauke chumbani siku nzima. Usiianike juani wala kuipeleka kwenye moto: hukauka upesi, hujikunja, na ukiipinda baadaye hupasuka. Ukitaka kuichonga au kuigonga mihuri ya maua, haitakiwi kuloa, bali iwe na unyevu tu. Ipanguse kwa sifongo, ngoja hadi rangi yake ianze kurudi ya awali lakini ukiiweka shavuni bado ina ubaridi. Ikigongwa ingali inachuruzika, alama hufumuka. Ikigongwa kavu, hazizami.

Ubaya wake ni kwamba hunywa kila kitu. Jasho la kiganja, mafuta ya chakula na chembe za chuma, vyote huacha doa. Tanini na chuma vikikutana na maji huzaa weusi kama wino. Rula ya chuma iliyolazwa dakika tano juu ya ngozi yenye unyevu inaweza kuacha mstari usiotoka. Doa changa linaweza kufifia kwa maji ya limau. La siku mbili, jiandae kuipaka ngozi yote rangi nyeusi.

Ngozi ya kromu haina shida hizo. Ni rafiki wa mvua, ina rangi nyingi, na inafaa mikoba inayolegea, pochi za kamba, vifuko vya kukunja. Lakini haiumbiki, haishiki mihuri, na ukingo wake hauwezi kung'arishwa kwa kusugua. Mkanda wa kiunoni wa kromu utarefuka, na matundu yake yatageuka kuwa mayai. Kwa mtu anayeanza, ushauri wetu hauna kigugumizi: anza na ya magome. Si kwa sababu ni bora kila mahali, bali kwa sababu inasimama imara chini ya kisu, haivutiki unapotoboa, na makosa yake yanaonekana mapema. Ngozi laini huteleza na kujinyoosha unapoikata, na anayeanza huishia kudhani mkono wake ndio mbovu.

Jambo jingine la kuangalia ni sehemu ya mnyama. Mgongo una nyuzi zilizoshikana na unafaa mikanda. Bega ni laini kidogo, lina mikunjo, linatosha pochi na ala. Tumbo ni la bei ndogo na linavutika ovyo. Lifanye la mazoezi.

Unene

Wauzaji wengi hutaja unene kwa aunsi. Aunsi 1 ni inchi 1/64, yaani milimita 0.4 hivi. Ngozi ya aunsi 3 ni milimita 1.2, ya aunsi 10 ni milimita 4. Vipimo vifuatavyo (vyote kwa milimita) si sheria, ila ukivipita mno kazi itaonekana kama toi au kama gunia.

| Kitu | Unene wa kipande kimoja | Tundu hadi tundu | Uzi |
|---|---|---|---|
| Pochi ya kadi | 1–1.2 | 3 | 0.45–0.55 |
| Pochi ya kukunja (nje) | 1.2–1.5 | 3–3.5 | 0.55–0.6 |
| Mkoba | 2–2.5 | 4 | 0.6–0.8 |
| Ala ya kisu | 3–3.5 | 4–5 | 0.8–1 |
| Mkanda | 3.5–4 | 4–5 | 0.8–1 |

Kumbuka unene hujumlishwa. Pochi ya kukunja yenye mifuko mitatu ya kadi kila upande, yote ya milimita 1.2, inakuwa na tabaka nne ukingoni kabla hujaikunja. Ndiyo maana ngozi ya ndani hutakiwa iwe ya 0.8 hadi 1, na sehemu zinazofichika chini ya mfuko mwingine hunyolewa upande wa nyama, yaani ule wa nyuma usio laini, hadi nusu ya unene.

Kutoboa: patasi ya meno au msharasi

Patasi ya meno ina meno mawili, manne au sita yaliyopangwa kwa umbali sawa. Unaiweka juu ya mstari, unaigonga kwa nyundo ya mbao au plastiki, inatoboa moja kwa moja. Msharasi ni sindano nene yenye mpini, hutoboa tundu moja kwa wakati. Kati ya hizo mbili kuna chuma cha alama, kinachofanana na patasi ya meno lakini meno yake ni mafupi. Hiki huacha alama tu, kisha msharasi ndio unaopita.

Kwa kazi isiyozidi milimita 4 kwa jumla ya tabaka, patasi ya meno haina mpinzani. Nafasi zinatoka sawa hata kwa mkono usiozoea, na mstari wa sentimita 16 wenye tundu kila milimita 4, yaani matundu 41, unakamilika kwa mapigo nane au tisa ya patasi ya meno sita. Siri ni kuingiza jino la kwanza ndani ya tundu la mwisho lililokwisha kutobolewa, ndipo ugonge tena. Ukiruka hilo, nafasi kati ya pigo na pigo zitatofautiana, na jicho hulikamata kosa hilo kabla ya lingine lolote. Kwenye kona na mviringo tumia ya meno mawili. Kwa hiyo nunua mbili: ya meno mawili na ya meno manne au sita, zote za umbali mmoja, tena za mtengenezaji mmoja. "Milimita 4" ya huyu na ya yule zinaweza kupishana kwa nywele, na nywele arobaini ni tundu zima.

Chini ya ngozi weka ubao wa nailoni au kipande cha mpira mgumu, kamwe si chuma wala jiwe, la sivyo ncha za meno zitajipinda siku hiyohiyo. Meno yakinasa usiitikise patasi kushoto na kulia. Hupanua matundu na huweza kuvunja jino. Bana ngozi kwa vidole pande zote mbili za meno, uivute patasi wima. Kuyachoma meno kwenye nta ya nyuki kila baada ya mapigo machache hurahisisha sana.

Tatizo la patasi linaanza ngozi inapokuwa nene. Ikiinama digrii 5 tu, jambo ambalo macho hayalioni, tundu litahama karibu milimita 0.4 upande wa nyuma kwenye ngozi ya milimita 5, na milimita 0.7 kwenye ngozi ya milimita 8. Mbele mshono umenyooka kama reli, nyuma unacheza. Ala ya kisu yenye ukingo wa kati, yaani ule ukanda unaowekwa ndani ili makali yasikate uzi, hufika milimita 9 kwa urahisi. Hapo ndipo msharasi unapojipatia heshima yake. Weka alama upande wa mbele kwa patasi, ipige kidogo tu, kisha bana kazi kwenye jiliwa la mbao na utoboe tundu moja moja, ukishona papo hapo kabla tundu halijajifunga.

Msharasi wa kushonea uwe na ubavu wa umbo la uru, ile ya kwenye karata, si wa mviringo. Tundu la uru lililolala kimshazari huupa kila uzi kona yake ya kukalia, na hilo ndilo linalofanya mshono uonekane kama mvua ya upepo. Tundu la mviringo hutoa vistari vilivyonyooka, na nyuzi mbili hugombania katikati. Msharasi mpya karibu daima huja butu. Unoe kwa msasa wa 1000, kisha wa 2000, kisha usugue kwenye kipande cha ngozi chenye dawa ya kung'arishia chuma hadi uingie kwa kusukumwa, si kwa kuzungushwa. Ukihitaji kuuzungusha kama bisibisi, bado haujaiva.

Sindano mbili au cherehani

Mshono wa sindano mbili hutumia uzi mmoja wenye sindano kila mwisho, na sindano zote mbili hupita kwenye kila tundu kutoka pande tofauti. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, zinazokumbatiana ndani ya ngozi. Ukikatika uzi wa cherehani, wa pili hauna cha kushika na mshono huanza kufumuka. Ukikatika mshono wa sindano mbili mahali pamoja, kila tundu bado lina uzi wa pili uliopita humo.

Kuna pia msharasi wenye uzi, ule uliobeba kibobini kwenye mpini. Huuzwa kama njia ya mkato ya kushona kwa mkono, lakini mshono wake ni ule wa cherehani, na tundu lake ni kubwa. Kwa turubai au hema ni mzuri. Kwa pochi, hapana.

Cherehani ya nyumbani inaweza kushona ngozi laini, tabaka mbili za milimita 0.6 au 0.7, ukiwa na sindano ya ngozi yenye ncha ya kukata na mguu wa plastiki usionata. Zaidi ya hapo injini hulalamika, mishono hurukwa, na meno ya chini huacha alama upande wa nyuma ambazo hazifutiki. Tena usiweke mshono mfupi: tundu kila milimita 1.5 huigeuza ngozi kuwa stempu ya posta, ikavutwa ikachanika kwa mstari. Acha milimita 3 au zaidi. Na tofauti na kitambaa, ngozi haisamehi. Tundu likishapita limepita, huwezi kufumua ukashona kando yake.

Kasi ya mkono ni ndogo, tusidanganyane. Zile sentimita 16 za matundu 41 zitakuchukua nusu saa mara ya kwanza, robo saa ukizoea. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, yaani sentimita 64, ongeza kama 20 za kufungia kwenye sindano. Kwa ngozi nene fanya mara tano. Kuufunga: pitisha uzi kwenye jicho, rudi sentimita 5, uchome uzi wenyewe mara mbili kwa ncha ya sindano, kisha urudishe fundo hilo dogo hadi nyuma ya jicho. Hautatoka, wala hautakuwa mnene.

Mwendo ni huu. Pitisha sindano ya kwanza kwenye tundu la mwanzo, sawazisha pande mbili. Tundu linalofuata, ingiza ya kulia, vuta kiasi, kisha ingiza ya kushoto upande uleule wa uzi wa kwanza, tuseme daima nyuma yake. Unapoiingiza ya kushoto, uvute uzi wa kwanza kidogo urudi. Kama unacheza, hujauchoma. Ukiuchoma, uzi umejisokota ndani ya mwenzake na hutaweza kuukaza wala kuufumua. Sindano zenyewe ziwe butu kwa sababu hiyohiyo. Kaza pande mbili kwa nguvu moja. Ukibadilisha mpangilio katikati, kulia kwanza halafu kushoto kwanza, kishono hicho kitalala bapa wakati wenzake wameinama, na kitaonekana hata ukiwa mlangoni.

Uzi

Poliesta iliyotiwa nta kiwandani ndiyo ya kuanzia. Haiozi, haihitaji maandalizi, na mwisho wake hufungwa kwa moto: rudi matundu mawili, kata ukiacha milimita 2, yeyusha kwa sehemu ya samawati ya mwale, bonyeza. Sehemu ya njano hutoa masizi, na masizi kwenye uzi mweupe ni huzuni. Chagua iliyosukwa kuliko iliyosokotwa; ya kusokotwa hufumuka polepole kadiri inavyopita tundu hadi tundu.

Kitani kina sura tulivu zaidi na hujikaza vizuri ndani ya tundu, lakini lazima ukipitishe kwenye nta ya nyuki mara tatu au nne, na hakiyeyuki. Unarudi matundu matatu, unakata karibu kabisa, unaweka tone la gundi. Nailoni inavutika, kwa hiyo mshono uliokazwa leo hujilegeza kesho; iachie cherehani. Pamba usiitie kwenye ngozi kabisa.

Gundi

Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, unangoja dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo unabandika. Ikishagusana haisogezwi. Mvuke wake unawaka na kulevya, fungua madirisha. Gundi nyeupe ya maji hubandikwa ingali mbichi, inakupa dakika chache za kusahihisha, ila inataka kubanwa na kungojwa. Kwa pochi ndogo, nyeupe. Kwa vitu vipana au vya kupinda, ya viatu. Zote mbili hazishiki kwenye uso unaong'aa, kwa hiyo ukwaruze kwanza kwa msasa, milimita 5 tu kutoka ukingoni, ili mkwaruzo usitokeze nje ya mshono.

Kisu na ukingo

Kisu cha wembe wa kuvunja chenye wembe mpya hukata vizuri kuliko kisu ghali kisichonolewa. Vunja kipande kabla ya kila kazi, pita mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu, na ukisimamishe wima, maana kikiinama ukingo wa tabaka mbili hautalingana. Kisu cha nusu mwezi ni kizuri, ila kinadai ujue kunoa. Kiache kwa sasa. Kwa ngozi laini ya kromu, kisu cha gurudumu hakisukumi ngozi mbele yake.

Ukingo ndio unaoonyesha kazi ya nani imekamilika. Kwa ngozi ya magome: sawazisha kwa msasa wa 220, nyoa kona mbili kwa kinyoa kona cha ukubwa wa 1 au 2, pita tena na msasa wa 400 na 600, lowesha kwa maji kidogo, sugua haraka kwa kijiti cha mbao chenye mfereji hadi ukingo upate joto. Nyuzi hushikana na kung'aa. Malizia kwa nta ya nyuki na usugue tena kwa kitambaa. Ikitoka na manyoya, uliloweka mno au uliruka msasa. Ukitaka rangi, ipake kabla ya nta, kwani baada yake haitaingia.

Kwa ngozi ya kromu usipoteze bidii hiyo. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukunja: nyoa ukingo upande wa nyama hadi milimita 0.5 kwa upana wa milimita 10 hadi 12, paka gundi, kunja, gonga taratibu, ndipo ushone. Ya pili ni rangi nzito ya ukingo, tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikaushwe na kupitishwa msasa wa 600 kabla ya inayofuata. Tabaka moja nene hukauka juu na kubaki bichi ndani, na mkoba ukipindwa mara chache huanza kubambuka kama ganda la yai lililochemshwa.